Nani Kasema Kumbukumbu ya Pamoja Imeshindwa?

Alikuja ofisini kwangu na laptopu ikiwa wazi, ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sinia la chai. Akaamkia, nikaitikia, nikamwambia akae. "Mwalimu, programu yangu inarudi nyuma," akasema. "Nikiipa uzi mmoja inamaliza mapema. Nikiipa nyuzi nne inachelewa kuliko ule mmoja."

Tukaisoma pamoja. Ilikuwa programu ya kuhesabu maneno katika faili kubwa. Faili limegawanywa mafungu manne, kila uzi una fungu lake na kihesabio chake, na vihesabio vyote vinne vimepangwa kwenye safu moja, kila kimoja baiti 8. Hakuna uzi uliogusa kihesabio cha mwenzake. Hapakuwa na kufuli wala foleni. Ukiisoma mstari kwa mstari huoni kosa. Lakini kijana alikuwa ameshatoa hukumu kabla ya kubisha hodi: "Ndiyo maana wanasema kumbukumbu ya pamoja haifai, mwalimu. Bora kutumiana ujumbe tu."

Neno hilo, "wanasema", ndilo lililonifanya niandike. Maana ni kweli wanasema. Wanasema madarasani, wanasema kwenye vitabu vya kufundishia, wanasema kwenye makongamano. Kompyuta yenye prosesa nyingi, wanasema, ina njia mbili. Ama prosesa zote zione kumbukumbu moja, kila moja isome na kuandika humo humo. Ama kila prosesa iwe na kumbukumbu yake peke yake, na ikitaka kitu kilicho kwa mwenzake itume ujumbe na kungoja jibu. Njia ya kwanza, wanasema, ni nyepesi kwa mwanaprogramu lakini haikui. Ikifika prosesa kadhaa inajikwaa. Ya pili ni ngumu lakini ndiyo iliyoshinda. Fahali wawili hawakai zizi moja, basi chagua mmoja.

Ushahidi wanaoutoa si mdogo, na sitaki kuupunguza. MPI, kiwango cha kutumiana ujumbe kilichotolewa mwaka 1994, ndicho kinachoendesha programu nyingi mno za kisayansi kwenye kompyuta kuu za dunia. Erlang, lugha iliyozaliwa Ericsson katika miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu, iliwanyima watumiaji wake kumbukumbu ya pamoja makusudi, na mitambo ikasimama imara. Go, lugha iliyotolewa na Google mwaka 2009, inawafundisha vijana kwamba mawasiliano yatangulie na kushiriki kumbukumbu kufuate nyuma. Mtu akiyaweka haya yote mezani, anayebaki upande wa kumbukumbu ya pamoja anaonekana mzee asiyetaka kuachia zama zake.

Mimi nasema hukumu hiyo si ya haki. Imechukua bei ya mashine fulani za wakati fulani na kuifanya kuwa maumbile ya kompyuta. Na madhara yake nayaona kila muhula: vijana wanajifunza kuogopa kitu badala ya kukifahamu.

Turudi kwenye laptopu. Prosesa haichukui namba moja moja kutoka kwenye kumbukumbu. Inachukua mstari mzima, ambao kwenye mashine nyingi za leo ni baiti 64, na kuuweka kwenye kache yake, yaani hifadhi ndogo ya kasi iliyo karibu nayo. Vihesabio vinne vya baiti 8 ni baiti 32, kwa hiyo vyote viliingia kwenye mstari mmoja. Sheria ya mashine inasema kiini cha prosesa kinachotaka kuandika lazima kiumiliki mstari huo peke yake, na nakala zilizo kwa viini vingine zifutwe kwanza. Uzi wa kwanza ukiongeza moja kwenye kihesabio chake, mstari unahamia kwake. Wa pili ukitaka kuongeza moja kwenye chake, mstari unaporwa. Halafu wa tatu. Halafu wa nne, kisha tena wa kwanza. Viini vinne vilishinda vikinyang'anyana kipande cha baiti 64 ambacho hakuna hata kimoja kilichokihitaji chote.

Na kila unyang'anyi huo ni ujumbe. Kiini kimeomba, kingine kimeambiwa futa, kikajibu nimefuta, mstari ukasafiri. Kijana wangu aliyetaka kukimbilia kwenye ujumbe alikuwa ametuma ujumbe mamilioni bila kuandika hata mmoja. Tulichofanya ni kuvitenganisha vihesabio ili kila kimoja kiwe na mstari wake. Mabadiliko ya mistari miwili ya programu. Nyuzi nne zikaupita uzi mmoja mbali sana, naye akakaa kimya akiitazama skrini.

Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kumbukumbu ya pamoja katika kompyuta kubwa inaelea kwa sababu chini yake kuna ujumbe mtupu. Chukua DASH, mashine iliyojengwa Chuo Kikuu cha Stanford na Daniel Lenoski, James Laudon, Anoop Gupta, John Hennessy na wenzao, ambayo usanifu wake ulijulikana mwaka 1990. Kumbukumbu yake ilitawanywa kwenye nodi, yaani vitengo vya mashine vyenye prosesa zake, kila nodi na kipande chake, lakini anwani zote zilikuwa za wote. Kila nodi iliweka saraka, daftari linaloonyesha kila mstari wa kumbukumbu yake uko kwa nani. Sasa prosesa ya nodi A inasoma anwani ambayo nyumbani kwake ni nodi B, lakini nakala iliyoandikwa karibuni iko kwa C. A inatuma ombi kwa B. B inafungua saraka, inaona jina la C, inalipeleka ombi huko. C inampa A mstari moja kwa moja, na wakati huohuo inairudishia B nakala mpya. Hizo ni safari nne za ujumbe, na mwanaprogramu kaandika nini? Kaandika x = y.

Sasa geuza upande wa pili. Endesha programu ya MPI yenye michakato miwili ndani ya kompyuta moja, umwambie wa kwanza amtumie wa pili data. Kwa kawaida maktaba ya MPI haigusi waya wowote. Inatenga eneo la kumbukumbu ambalo michakato yote miwili inaliona, wa kwanza ananakili data kuingiza humo, wa pili anainakili kuitoa. Ujumbe umetengenezwa kwa kumbukumbu ya pamoja, ukaongezewa gharama ya kunakili. Go nayo ni hivyo: ile njia ya kupitishia ujumbe baina ya shughuli zake, ndani yake ni foleni iliyo kwenye kumbukumbu ya pamoja, inalindwa na kufuli. Wabunifu wa Go hawakulificha hilo, na kufuli za kawaida wameziweka kwenye maktaba ya lugha kwa yeyote anayezihitaji. Wanaoeneza kaulimbiu ndio wanaosahau.

Hugh Lauer na Roger Needham walishalisema hili mwaka 1978, walipokuwa wakichunguza mifumo endeshi. Walionyesha kwamba mfumo uliojengwa juu ya ujumbe na mfumo uliojengwa juu ya taratibu zinazoshiriki data ni kama sura mbili za kitu kimoja: programu ya upande huu inaweza kugeuzwa kuwa ya upande ule kipande kwa kipande, na uchaguzi wa upande unaamuliwa na kile ambacho mashine iliyo chini inakifanya kwa urahisi. Miaka karibu 50 baadaye bado tunawapigisha wanafunzi kura kati ya sura hizo mbili.

Wapinzani wangu watasema: sawa, lakini haikui. Hoja hii ni nzito na inastahili hesabu. Saraka ya namna ya DASH huweka alama moja, biti moja, kwa kila nodi inayoweza kuwa na nakala ya mstari. Kwa nodi 64 na mstari wa baiti 64, yaani biti 512, daftari linakula biti 64, sawa na asilimia 12.5 ya data yenyewe. Tunaweza kuvumilia. Panda hadi nodi 1,024, na daftari la kila mstari ni biti 1,024. Daftari limekuwa mara mbili ya kitabu linachokiorodhesha. Hapo ndipo wengi walipofunga jalada.

Lakini mbona lazima kila mstari uwe na nafasi ya majina 1,024? Mistari mingi sana katika programu za kweli inashikwa na prosesa chache kwa wakati mmoja. Kundi la Anant Agarwal pale MIT, waliojenga mashine iitwayo Alewife, walianzia hapo. Katika usanifu waliouchapisha mwaka 1991, maunzi yaliweka nafasi za majina machache tu kwa kila mstari. Nafasi zikijaa, prosesa ya nodi ile inashtuliwa, na programu ndogo inayaandika majina ya ziada kwenye kumbukumbu ya kawaida. Jambo la kila siku linashughulikiwa na maunzi kwa kasi. La nadra linashughulikiwa na programu polepole. Na Alewife haikumlazimisha mtu kuchagua fahali: chipu ileile iliyolinda ulinganifu wa kache, yaani nakala zote za mstari zikubaliane, ilimruhusu mwanaprogramu kutuma ujumbe wake mwenyewe.

Wala si mambo ya maabara peke yake. Mwaka 2004 kituo cha utafiti cha NASA cha Ames huko California kilisimamisha Columbia, kompyuta ya prosesa 10,240 iliyoundwa kwa mashine 20 za kampuni ya SGI, kila mashine ikiwa na prosesa 512 zinazoona kumbukumbu moja chini ya mfumo endeshi mmoja wa Linux. Novemba mwaka huo ilishika nafasi ya 2 katika orodha ya kompyuta zenye kasi kuliko zote duniani. Kumbukumbu ya pamoja ndani ya kila mashine, ujumbe kati ya mashine na mashine. Anayesema kumbukumbu ya pamoja hufia kwenye prosesa chache aeleze hizo 512.

Mashine ninayotaka kukaa nayo zaidi, hata hivyo, haikuuzwa dukani. Baada ya DASH, watu wa Stanford walianza mradi mwingine, wakauita FLASH, jina lenye maana ya usanifu unaonyumbulika kwa ajili ya kumbukumbu ya pamoja. Walieleza ubunifu wao mwaka 1994. Miongoni mwao walikuwa Jeffrey Kuskin, David Ofelt, Mark Heinrich, Mendel Rosenblum, na Hennessy tena. Katika DASH, sheria za nani ana nakala na nani afute zilichomwa kwenye saketi. Ukitaka kubadilisha sheria, unajenga mashine nyingine. Katika FLASH kila nodi ilipewa chipu moja iliyoitwa MAGIC, na kila kitu kilipita hapo: maombi ya prosesa, kumbukumbu, mtandao, vifaa vya kuingizia na kutolea data. Ndani ya chipu hiyo kulikuwa na prosesa ndogo ambayo kazi yake ni moja, kuendesha itifaki, yaani sheria hizo. Itifaki ikawa programu.

Fikiria maana yake. Asubuhi nodi zinaendesha itifaki ya kulinganisha kache. Mchana unaandika itifaki nyingine inayobeba ujumbe mrefu kwa mkupuo, kutoka kumbukumbu ya huku hadi kumbukumbu ya kule, bila kuisumbua prosesa kuu. Au zote mbili pamoja, ndani ya programu moja, wakati mmoja. Ugomvi wote wa fahali wawili uligeuzwa kuwa swali la programu ipi imepakiwa kwenye MAGIC.

Pingamizi lilikuwa kasi, na nani asingelitoa? Saketi iliyochomwa inajibu mara moja. Programu inasoma amri moja baada ya nyingine. Wasanifu walijibu kwa ubunifu ninaoupenda mpaka leo. Waliitenganisha data na maagizo. Ombi likifika, data inapita kwenye njia yake ya saketi ambayo haipitiwi na programu yoyote, na wakati huohuo anwani na aina ya ombi vinakwenda kwa ile prosesa ndogo. Kumbukumbu inaanza kusomwa hata kabla programu haijaamua la kufanya, kwa kukisia kwamba itahitajika. Kwa hiyo muda mwingi wa kufikiri unajificha nyuma ya muda wa kusoma kumbukumbu, ambao ungetumika vyovyote vile. Walipoilinganisha, kwa kutumia mfano wa kina wa kompyuta, na mashine ya kufikirika iliyochomwa itifaki kwenye saketi bila kasoro, FLASH katika hali nyingi ilikuwa nyuma kwa asilimia 2 hadi 12. Programu zilizomiminia nodi moja maombi mengi mno ziliiumiza zaidi FLASH, na walisema hivyo bila kuficha. Lakini programu hizo zilikuwa mbaya kwenye mashine zote mbili.

Asilimia 2 hadi 12. Hiyo ndiyo bei ya uhuru wa kuamua mawasiliano yawe ya namna gani. Nikiwaeleza wenzangu bei hii wengi hushangaa, kwa sababu walichosikia ni kwamba kunyumbulika huua kasi.

Kwa nini basi tunaishi katika dunia ya MPI? Kwa sababu ya bei ya vitu madukani. Mwaka huohuo wa 1994, katika kituo cha NASA cha Goddard, Thomas Sterling na Donald Becker waliunganisha kompyuta 16 za kawaida kwa Ethaneti ya kawaida, wakaziita Beowulf. Prosesa zilikuwa za aina ya 486, zile za mezani. Hakuna chipu maalumu, hakuna saraka. Chuo chochote kingeweza kuiga, na vingi viliiga. Kwenye mashine kama hizo hakukuwa na njia nyingine ya maana zaidi ya ujumbe, na MPI ilikuwa tayari, imeandikwa vizuri. Nawaheshimu sana waliofanya kazi ile. Walifungua mlango kwa watu ambao wasingegusa kompyuta kuu maisha yao yote. Lakini ushindi wa kitu cha bei nafuu unatuambia habari za bei. Hautuambii kazi ile ilihitaji mawasiliano ya namna gani.

Na kazi zinatofautiana. Katika mkusanyo wa programu za majaribio uitwao SPLASH, uliotoka Stanford mwaka 1992, kuna mbili ambazo huwa nawapa wanafunzi. Moja inaitwa Ocean, inakokotoa mikondo ya bahari. Bahari imegawanywa miraba, kila prosesa na eneo lake, na kila hatua jirani anampa jirani safu ya mpakani. Unajua kabla ya kuanza ni nani atampa nani nini, na kiasi gani. Hapa ujumbe una haki kamili. Nyingine inaitwa Barnes, inafuata mbinu ya Josh Barnes na Piet Hut ya mwaka 1986 ya kukokotoa mvutano wa nyota. Nyota za mbali hukusanywa kwenye matawi ya mti na kuhesabiwa kama uzito mmoja. Prosesa ikishughulikia nyota fulani hushuka mti huo, na tawi lipi italihitaji haijulikani mpaka ifike hapo. Hatua inayofuata nyota zimesogea na mti ni mwingine. Kwa kumbukumbu ya pamoja unaufuata mti kama ulivyo. Kwa ujumbe inabidi kwanza ukisie kila prosesa itahitaji nini, umkusanyie, umpelekee. Michael Warren na John Salmon walilifanya hilo kwa ustadi mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini soma walichopitia kabla ya kumwambia mwanafunzi wa mwaka wa tatu kwamba njia ni moja.

Kuna utafiti unaonibana mimi mwenyewe, na sitauruka. Steven Woo, Jaswinder Pal Singh na Hennessy walipima mwaka 1994 faida ya kuongeza usafirishaji wa mkupuo kwenye mashine ambayo tayari ina kumbukumbu ya pamoja yenye ulinganifu wa maunzi. Walikuta faida si kubwa. Nilipousoma mara ya kwanza nilisita, kwa maana nilidhani unabomoa hoja ya kuchanganya. Lakini tazama sababu mojawapo waliyoitoa: mistari mirefu ya kache tayari inabeba sehemu kubwa ya faida ambayo ujumbe wa mkupuo ungeileta. Yaani kumbukumbu ya pamoja iliyojengwa vizuri ilikuwa imeshaukaribia ujumbe katika uwanja wa ujumbe wenyewe. Hilo si tangazo la kifo chake.

Wenye MPI wenyewe hawakubaki walipokuwa. Toleo la mwaka 1997 liliruhusu mchakato kusoma na kuandika kwenye kumbukumbu ya mwenzake bila mwenzake kushiriki. La mwaka 2012 liliruhusu michakato iliyo kwenye nodi moja kushiriki kipande cha kumbukumbu waziwazi. Frontier, kompyuta iliyozinduliwa mwaka 2022 katika maabara ya Oak Ridge huko Tennessee, ina nodi zaidi ya 9,000 zinazotumiana ujumbe, na ndani ya kila nodi prosesa kuu na vichapuzi vyake vinne vimeunganishwa kwa waya unaolinda ulinganifu wa kumbukumbu. Mwaka huohuo kilitoka CXL 3.0, kiwango kinachoruhusu kompyuta kadhaa kushiriki kumbukumbu moja iliyo nje ya zote, ulinganifu ukilindwa na maunzi. Wahandisi wa kazini walishaacha kuchagua fahali. Mihadhara yetu ndiyo iliyobaki nyuma.

Kinachonisumbua kwenye mashine hizi mpya ni kingine: sheria zimerudi kufungiwa ndani ya chipu. Zilipokuwa programu, zilitusaidia hata kuona kinachopita: mwaka 1996 Margaret Martonosi, Ofelt na Heinrich walionyesha jinsi itifaki ya FLASH ilivyoweza kuongezewa kazi ya kuhesabu, ikakwambia ni data ipi na sehemu ipi ya programu inayosababisha safari za mawasiliano. Kwa kuwa kila ombi lilikuwa linapitia kwenye programu, kuhesabu kulikuwa kuongeza amri chache.

Kijana wangu aliuliza hilohilo bila kujua. Vihesabio vilipokwisha kutenganishwa, akasema: "Sasa mwalimu, safari nyingine nitajuaje mstari unaogombewa? Maana kwenye programu hauonekani." Nikamwonyesha zana ya perf c2c iliyomo kwenye Linux, inayoorodhesha mistari inayohama kati ya viini, pale ambapo prosesa inaruhusu kupima. Akaiendesha kwenye programu ya zamani, na mstari wake ukatokea juu kabisa ya orodha, na anwani ya safu yake ubavuni. Akaunyooshea kidole. Kisha akauliza kama anaweza kuibadilisha ile sheria yenyewe, ili mstari usiporwe kila mara. Nikamwambia kwenye laptopu hii hapana, mtengenezaji amekwisha kuamua. Nikalivuta toka kabatini andiko la FLASH la mwaka 1994, nikampa kiti upande wangu wa meza, tukaanza na mchoro wa MAGIC.